Helmeti ya Abiria

Wateja walimwita Vidole, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alikuwa msusi. Saluni yake ilikuwa chumba kimoja kinachotazama barabara, chenye viti viwili vya kuzunguka, kimoja cha plastiki kwa anayesubiri, kioo kirefu chenye ufa kwenye kona, na feni iliyopenda kupuliza ukuta kuliko watu. Alisuka haraka huku akipiga soga, na hakuwa na mkono mzito. Mtu angeweza kusinzia kitini akaamka nywele zimekwisha.

Miaka mingi ya kazi ile ilikuwa imemfundisha vichwa. Alijua mteja gani ana kisogo kilichotokeza, nani yuko bapa nyuma, nani ana kibonde kidogo juu ya sikio ambacho mwenyewe hakijui. Kichwa alichokijua kuliko vyote kilikuwa cha mdogo wake. Mama yao alifariki huyo mdogo akiwa hajaanza shule, na tangu hapo Vidole ndiye aliyemwogesha, akamchana, akamsuka. Alikuwa kitinda mimba, na nyumbani walilikata jina wakamwita Kitinda tu, hata alipokuwa mtu mzima mwenye kazi na mume.

Kitinda alifundisha watoto wa chekechea. Mume wake alikuwa seremala wa milango na madirisha, mtu wa maneno machache, mwenye pikipiki ambayo aliitunza kama chombo cha kazi. Asubuhi alimpeleka mke wake shuleni, kisha akaenda karakana. Vidole alimpenda shemeji yake huyo. Aliwahi kumwambia Kitinda kwamba mwanamume anayepiga msasa hata upande wa mlango usioonekana, hata ndani ya nyumba hatakuwa na mambo ya ovyo.

Siku ya ajali Kitinda alifika saluni mapema. Shule yao ilikuwa inawaaga watoto wanaokwenda darasa la kwanza, na yeye alichaguliwa kushika kipaza sauti.

"Dada, leo nataka kitu cha juu," alisema akijitupa kitini. "Hata walio nyuma wanione."

"Wakuone wewe au nywele?"

"Wakiona nywele watajua nipo chini yake."

Vidole akamjengea fundo. Alisuka rasta nyembamba kuanzia kwenye paji, akazipandisha zote juu, akaziviringa na kuzibana kwa pini mpaka likasimama fundo refu ambalo wateja wawili waliokuwa wakisubiri walilisifia bila kuombwa. Alikuwa bado analizunguka na mafuta ya kung'arisha nywele, pikipiki ya shemeji iliposimama mlangoni. Hakuzima injini. Helmeti yake ilikuwa kichwani, na ile ya abiria ilining'inia kwenye usukani.

Kitinda akaijaribu. Ilikaa juu ya fundo kama sufuria juu ya jiwe moja, ikayumba, na wote wakacheka.

"Bonyeza kidogo," shemeji alisema.

"Abonyeze nini?" Vidole akamjibu. "Asubuhi yote nimesimama hapa. Shika mkononi tu, mdogo wangu. Si hapo tu shuleni."

Kitinda akaupitisha mkanda wa helmeti kwenye kiwiko kama mtu anayebeba mkoba, akakaa upande mmoja ili asiharibu gauni, akampungia dada yake mkono.

Hawakufika. Karibu na pale wanapooshea magari, gari moja lilitoka kinyumenyume bila dereva wake kuangalia nyuma. Shemeji akakanyaga breki. Barabara ilikuwa imelowa maji ya sabuni, na tairi la mbele likateleza. Yeye alianguka kwa bega, helmeti yake ikasuguliwa kwenye lami. Kitinda alirushwa upande wa pili, kichwa chake kikapiga ukingo wa zege wa barabara. Mmoja wa waosha magari aliokota simu ya Kitinda, akapiga namba ya mwisho iliyokuwa imepigwa. Ilikuwa ya saluni.

Hospitalini muuguzi alimkabidhi Vidole mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa na viatu, hereni, na rasta zilizokatwa kwa mkasi, nyingine bado zimeshikwa na pini.

"Samahani, ilibidi tukate haraka," muuguzi alisema. "Damu ilikuwa imevilia ndani. Yuko chumba cha upasuaji."

"Mmefanya vizuri," Vidole alijibu, kwa sababu hakujua mtu husema nini hapo. Akaushika mfuko ule mapajani mpaka mchana ukaisha.

Kitinda hakufa. Alilala muda mrefu bila kujitambua, kisha akaanza kufumbua macho, kisha kufuata watu kwa macho, kisha kusema. Lakini maneno yalirudi yamechanganyika. Aliuita mto mkate. Alitaka kijiko akaomba kalamu, na alipopewa kalamu akalia kwa hasira, kwa maana alijua kabisa kwamba sicho alichokitaka, ila jina lake lilikuwa limejificha. Mkono wa kulia ulikuwa mzito. Daktari alisema yeye ni kijana na mengi yatarudi. Hakusema yote.

Vidole alikaa upande mmoja wa kitanda, shemeji upande wa pili, mkono wake umefungwa kwa bandeji hadi shingoni. Walizungumza kuhusu dawa, kuhusu zamu, kuhusu nani ataleta shuka safi. Zaidi ya hapo hawakuzungumza. Vidole alikuwa na sentensi moja iliyomzunguka kichwani, akipika, akifua, akisubiri lifti: shika mkononi tu, mdogo wangu. Aliamini shemeji naye anaisikia hiyohiyo kila anapomtazama, kwa hiyo akaacha kumtazama. Wakati mwingine, ili apumzike na ile sentensi, alijiambia kwamba dereva mzuri angeona lile gari mapema. Kisha akaona haya.

Walipomrudisha Kitinda nyumbani, ndugu walikuja kumjulia hali. Vidole alikuwa jikoni akisuuza vikombe aliposikia shangazi yao akisema sebuleni, kwa sauti ya mtu anayedhani ananong'ona, "Nywele ndizo zilizomponza huyu mtoto." Shemeji alikuwa hapohapo, naye hakujibu. Vidole akaendelea kusuuza vikombe vilivyokwisha takata.

Wageni walipoondoka alimkalisha Kitinda kwenye stuli uani, akachukua mashine ya kunyolea. Hospitalini walikuwa wamenyoa nusu ya kichwa. Nusu nyingine ilibaki na rasta za siku ile, zimelegea na kujaa nyuzi za bandeji. Akazifumua moja moja, kwa maana hakutaka kuzikata kwa mkasi, kisha akanyoa zote. Juu ya sikio la kushoto vidole vyake vilikuta mshono uliopinda na mfupa ulioshuka kidogo. Akasita hapo. Kitinda aliinua mkono wake mzito, akaushika mkono wa dada yake, akautoa pale taratibu na kuuweka mahali pengine.

Saluni ilifungwa kwa muda, kisha ikafunguliwa kwa sababu nyumba inaendeshwa na kazi. Vidole alikuwa na desturi mpya. Kabla hajagusa kitana alimwuliza mteja, "Utaondoka na nini?" Anayekwenda kwa miguu au kwa gari alisukwa atakavyo. Anayepanda pikipiki aliambiwa hapa hatusuki juu. Wateja walimtania.

"Siku hizi ukija kwa Vidole uje na leseni," mmoja alisema.

"Na bima," mwingine akaongeza.

Alicheka nao, lakini swali hakuliacha. Wapo waliohamia saluni ya jirani. Mmoja, msichana aliyekuwa akienda kupigwa picha ya chuo, alisimama mlangoni akamwambia kwa adabu, "Aunti, mimi nitakuwa mwangalifu." Vidole alitamani kumwambia kuna mtu aliyekuwa mwangalifu. Alimwambia tu, "Sawa, mwanangu," akamwacha aende.

Mvua zilikuja zikaisha. Maneno ya Kitinda yalirudi mengi, mengine kwa kuchelewa, kama watoto watoro. Siku moja, wote watatu wakiwa mezani, alisema anataka kurudi kazini.

Daktari alikuwa amekubali, kidogo kidogo, kwa sharti moja. Kichwa kile hakitakiwi kugongwa tena. Shule ilikuwa juu ya mlima mdogo ambako magari ya abiria hayapandi, na kwa miguu Kitinda angefika amechoka kabla ya kengele. Daktari alisema kama ni pikipiki, basi avae helmeti ya maana inayomkaa sawasawa, na bila hiyo asipande hata kwenda dukani.

"Pikipiki nitaiuza," shemeji alisema. Tangu ajali ilikuwa imesimama nyuma ya nyumba chini ya turubai.

"Uuze. Halafu mimi niende kwa..." Kitinda akasimama, akatafuta neno, macho yameganda kwenye meza. Waliomzoea walijua kutomsaidia. "Kwa mabawa," akamaliza. "Niende kwa mabawa? Tutanunua helmeti. Na nitakwenda mwenyewe kuichagua."

Wakaenda watatu, siku ya mapumziko. Mahali pa kwanza palikuwa meza kubwa kando ya barabara, helmeti zimerundikwa juani, za bluu, za waridi, zenye michoro ya moto na mafuvu. Muuzaji alikuwa mcheshi.

"Karibuni, mama zangu. Hizi ukianguka nazo, inaumia helmeti, wewe unasimama unakung'uta vumbi."

Shemeji akaokota moja nyekundu. Akaigeuza, akaingiza kidole gumba ndani. Sponji laini ilizama palepale, kidole kikagusa plastiki. Akazibana pande zake mbili kwa viganja, nazo zikakaribiana kama bakuli la plastiki. Akairudisha mezani polepole, akaenda kusimama pembeni, mgongo kwao.

Vidole akamfuata. "Shemeji, kuna nini?"

"Ilikuwa kama hii," alisema.

"Ipi?"

"Ya Kitinda. Ile ya abiria." Alikuwa anatazama magari yanayopita. "Nilipokwenda kuchukua pikipiki polisi, niliikuta. Imepasuka vipande viwili. Haikuwa na kichwa ndani, dada. Ilidondoka tu kutoka mkononi mwake, ikapasuka. Yangu niliinunua dukani, nilijaribu nyingi mpaka muuzaji akanichoka. Yake niliichukua njiani. Nilimwambia mwenye meza nipe yoyote ya abiria, nisisumbuliwe na polisi tu. Sikuangalia hata ndani."

Siku zote Vidole alikuwa amejenga ukuta wa lawama akidhani yuko upande mmoja peke yake.

"Mimi ndiye niliyemwambia ashike mkononi," alisema mwishowe.

"Nilisikia."

"Najua ulisikia. Ndiyo maana nilikuwa siwezi kukutazama."

"Nami nilidhani hunitazami kwa sababu ni mimi niliyekuwa naendesha."

Kitinda alikuwa amewafikia bila wao kujua, kitambaa kimefungwa kichwani, mkono umeziba jua.

"Mnanizungumza kama maiti," alisema. Alizungumza polepole, akichagua kila neno. "Siku ile mimi siikumbuki. Lakini najijua. Nywele zile nisingekubali kuziharibu hata mngenishikia... ile ya kuchapia. Mkono ulioshika helmeti ulikuwa wangu." Akawatazama mmoja mmoja. "Sasa tuondoke hapa. Jua linanichoma."

Duka la pili lilikuwa chumba chembamba chenye kivuli, rafu hadi darini. Mwenye duka alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Hakuuliza wanataka rangi gani. Aliuliza nani atavaa. Kitinda alipovua kitambaa, mwanamke aliuona mshono, kisha akachukua utepe wa kupimia wa fundi cherehani, akauzungusha juu ya nyusi na nyuma kwenye kisogo.

"Kipimo ni mwanzo tu," alisema. "Iliyo kubwa itachomoka ukianguka, na iliyo ndogo utaivua mwenyewe kwa kero kabla hujafika mbali."

Alishusha moja, akawaonyesha lebo ya ukaguzi iliyoshonwa kwenye mkanda, na ndani, chini ya kitambaa, povu gumu lililojaa pande zote. Kidole cha shemeji hakikuzama. Kitinda akaivaa. Baada ya muda mfupi akakunja uso.

"Inaniuma hapa," alisema akigusa paji. "Na hapa pembeni inacheza."

"Pengine tushuke kipimo kimoja," mwenye duka alisema.

Vidole akasogea. "Niruhusu," alisema, akaingiza ncha za vidole kati ya helmeti na panja za mdogo wake. "Kichwa chake ni kirefu kwenda nyuma, pembeni chembamba. Hii nadhani ni ya kichwa cha mviringo. Ukipunguza, paji litazidi kubanwa."

Mwenye duka akaja kugusa mwenyewe, akaitikia kwa kichwa. "Ndivyo. Ngoja, kuna watengenezaji wanaochonga ndefu." Akapanda ngazi, akarudi na nyingine ya kijivu, isiyo na mchoro wowote.

Ile iliingia kwa kusukumwa kidogo, ikatulia. Sponji za mashavuni zilimbana Kitinda mpaka midomo ikachomoza.

"Naonekana kama nimejaza chakula mdomoni," alisema.

"Mpya inatakiwa ibane hivyo. Itajilegeza kidogo na kukufuata. Kaa nayo hapo kwenye benchi, tuongee mambo mengine. Kama kuna mahali inapoumiza, patajionyesha."

Walikaa. Kitinda aliitazama ya rangi ya damu ya mzee iliyokuwa rafu ya kati, yenye maua madogo, iliyoacha uso wazi, akauliza kwa nini wasichukue ile. Mwenye duka alisema ile ni nzuri kwa macho, lakini inaacha kidevu na taya nje, na kwa mtu aliyekwisha kuumia angependa inayofunika kote. Kitinda akainama. "Hii ni kama mlango wa stoo," alisema, lakini hakuivua.

Kisha mwenye duka akamfunga mkanda chini ya kidevu, akamwambia shemeji aishike kwa nyuma ajaribu kuivuta kuelekea mbele, kwa nguvu kiasi. Shemeji alishika. Kabla hajavuta, akaiachia.

"Siwezi," alisema.

Vidole akachukua nafasi yake. Akaishika kwa nyuma akaivuta mbele, kisha akaizungusha kushoto na kulia. Ngozi ya paji la Kitinda ilikwenda na helmeti, lakini helmeti haikutoka. Akavuta tena, zaidi ya alivyoambiwa, mpaka Kitinda akasema, "Dada, inatosha. Shingo ni moja." Walipoivua, pajini hapakuwa na alama nyekundu, na juu ya mshono hapakuwa na maumivu.

Mwenye duka alipokuwa anaifunga, alimwuliza shemeji anavaa nini yeye.

"Yangu ipo. Ina mikwaruzo tu."

"Ilianguka na wewe?"

"Ndiyo."

"Basi imeshafanya kazi yake. Lile povu likishabonyea ndani huoni kitu, na halirudi. Siku nyingine halitakusaidia."

Shemeji akafungua mdomo kusema atanunua siku nyingine labda, lakini Kitinda alikuwa ameshageuka. "Na yeye mpimie," alisema.

Kabla Kitinda hajarudi shuleni, Vidole alimsuka kwenye nywele fupi zilizoota, mistari myembamba iliyolala, bila pini na bila fundo popote, akipita mbali na mshono. Walipomaliza, wakamvalisha helmeti juu yake ili kuona kama bado inakaa. Ilikaa. Asubuhi shemeji aliendesha polepole kiasi kwamba baiskeli ziliwapita. Vidole alifungua saluni, lakini hakumgusa mteja mpaka simu ilipolia.

"Nimefika," Kitinda alisema. "Watoto wananiuliza kama mimi ni wale... wa mwezini."

Hakurudia kufundisha siku nzima. Mwalimu mkuu alimpa nusu ya asubuhi, na majina ya watoto yakabandikwa vifuani mwao, wote, ili asijisikie peke yake. Kipaza sauti hakukishika tena, kwa maana maneno yaliweza kumtoroka mbele ya watu. Kuna siku alirudi akavua helmeti na kwenda moja kwa moja chumbani, akafunga pazia, hakutaka sauti yoyote. Siku hizo shemeji alikuja saluni, akakaa kwenye kiti cha plastiki, akaangalia Vidole akisuka. Alikuwa ameanza kuzungumza tena: kuhusu mbao zilizopinda, kuhusu mteja aliyetaka mlango mpana kuliko ukuta wake.

"Jana kanigombeza," alisema mchana mmoja.

"Kisa nini?"

"Anasema naendesha kama nimebeba mayai. Eti watoto watamaliza shule kabla hatujafika."

Vidole alicheka mpaka ikambidi asimamishe mkono, mteja akiwa na rasta nusu kichwani. "Na wewe ulimjibu nini?"

"Nilimwambia ashuke atembee." Shemeji akasimama, akachukua ufunguo. "Hakushuka."

Akatoka kwenda kumchukua mke wake.